Kamba Niliyoilalia

Misigiri, Iramba
Jumapili, baada ya kanisa

Mwanangu Msengi,

Mwandiko huu unaufahamu, ni wa mdogo wako Eliwaza. Maneno ni yangu mimi baba yako. Ninasema Kinyiramba, yeye anaandika Kiswahili, na nikienda mbio anainua kalamu na kungoja bila kusema kitu, kama unavyomjua. Wewe umekwenda Ulemo kuwaaga wajomba zako. Ungeweza kwenda jana. Nimekutuma leo makusudi, nipate mchana mmoja wa kusema na wewe bila kukutazama usoni. Utaisoma barua hii kesho ndani ya basi la kwenda Mwanza kwenye kazi yako ya meli, ukishapita Shinyanga, si kabla.

Mama yako amepita na karanga anazokukaangia. Anasema, "Mzee huyu, mtoto akiwapo umenyamaza kama jiwe, leo hayupo ndiyo unahutubia." Eliwaza ameliandika na hilo. Nimemwambia aliache.

Habari za sabuni, za kufunga sanduku na za kutokula vyakula vya njiani amekwisha kukuambia mama yako mpaka umechoka. Mimi nataka kujibu swali lako la juzi. Tulikuwa tunapura mtama wa shamba la kijiji, ukaniuliza, "Baba, melini mtu anaishije ili apate raha kidogo?" Nikakujibu, "Utazoea." Ukacheka, ukaendelea kupiga. Mimi sikucheka. Lile lilikuwa jibu la mtu anayeficha kitu, na wewe ulistahili jibu zuri, kwa sababu raha ya melini niliitafuta na nikaipata.

Nilipanda meli pale Mwanza nikiwa mdogo kuliko wewe leo. Nilikuwa mchochea moto. Meli zile zilikuwa za kuni na makaa, na kazi yangu ilikuwa kulisha tanuri kwa koleo, saa nne ndani, saa nane nje, mchana na usiku. Kazi yenyewe haikunishinda. Mtu aliyelima Iramba hashindwi na koleo. Kilichonishinda ni kulala.

Chumba chetu kilikuwa mbele kabisa, chini ya sitaha, hapo meli inapopasua maji. Tulikuwa watu kumi na wawili. Vitanda vilikuwa mbao zilizobandikwa ukutani kama rafu za duka, moja juu ya nyingine, na wa juu akigeuka vumbi la makaa linakudondokea mdomoni. Kuta za chuma zilitoka jasho. Ukilala kichwa upande wa mbele, maji yanakupiga masikioni. Ukilala kichwa upande wa nyuma, mashine inakutetemesha meno. Kila saa nne wanne wanaamka na wanne wanaingia, wamelowa, wananuka moshi, wanakukanyaga. Redioni nasikia meli sasa ni mali yetu sote, na hakuna tena bwana wa kumpiga mtu mateke. Nafurahi kwa ajili yako. Lakini chuma hakina habari ya uhuru, kitakutolea jasho vilevile.

Kwa miezi minne sikulala usingizi wa mtu. Nilianza kusinzia nimesimama. Siku moja niliegemea mlango wa tanuri, ndilo kovu hili la mkononi ambalo siku zote nimewaambia ni la moto wa kuchoma majani shambani. Si la majani. Kulikuwa na mambo mengi sikuyasema vizuri ndani ya nyumba hii.

Aliyeniokoa ni Shila. Huyo huyo Mzee Shila unayekwenda kukaa kwake, aliyekutafutia kazi. Wewe unamjua kwa jina tu na kwa barua zake. Alikuwa mtu wa Ulemo, amenizidi miaka miwili au mitatu, nikamwita kaka. Yeye alikuwa wa juu, kazi yake kupanga na kufunga mizigo ya sitahani. Aliniona siku moja nimekaa ngazini, macho mekundu, akaniambia, "Wewe utaanguka kwenye moto, na mimi ndiye nitakayepeleka habari kwa mama yako. Sitaki kazi hiyo. Njoo."

Akanionyesha mahali. Mbele ya sitaha tulikuwa tunabeba marobota ya pamba, yamepangwa juu kama nyumba. Kati ya marobota na ukuta wa chumba cha nahodha palikuwa na uchochoro, na juu yake turubai. Upepo wa ziwa unapita pale taratibu, mvua haifiki, mashine unaisikia kwa mbali. Akaniambia, "Pahali hapa hapana mwenyewe. Ni pako. Mnyapara akikuuliza, sema Shila amekuweka ulinde pamba."

"Nilalie nini?"

"Hilo sasa ni lako. Si nyinyi wa Misigiri mnasema mnajua kusuka vitanda?"

Ni kweli, nilijua. Babu yako alinifundisha kusuka kitanda cha kamba nikiwa bado nachunga ndama. Nilikuwa nakosa kamba tu.

Hapa ndipo penye kosa langu, na nataka ulielewe vizuri. Babu yako alikuwa anasafiri na punda kwenda kuleta chumvi. Mzigo wa punda aliufunga kwa kamba mbili. Ya kwanza inabana. Ya pili inapita juu, imelegea, na hiyo ni kamba ya kambi: mkifika mahali pa kulala mnaifungua, mnafungia punda au mnajitengenezea pa kulala, asubuhi mnairudisha. Mtoto yeyote wa safari za chumvi alijua hivyo. Kamba iliyolegea juu ya mzigo haikuwa na kazi, ilikuwa ya mwenye haja.

Marobota yale ya pamba yalifungwa kwa kamba mbili. Ya kwanza imebana. Ya pili imelegea.

Tulikuwa tumetia nanga Bukoba, Shila yuko chini gatini anahesabu mizigo. Nikaifungua. Sikuiba kwa hila, mwanangu, niliifungua mchana kweupe huku napiga mluzi. Nikasuka kitanda changu, nikakitundika katika uchochoro ule kwenye nguzo mbili za chuma. Usiku ule nililala. Niliamshwa kwa zamu yangu kwa kumwagiwa maji.

Shila alipokiona alicheka sana. "Mnyiramba huyu. Hata majini anasuka kitanda." Akakaa juu yake, akajaribu kubembea. Kisha akauliza, "Kamba umeipata wapi?"

Sasa sikiliza. Kama mpaka hapo nilikuwa sijui, swali lile lilinijulisha. Niliona jinsi alivyouliza, nikajua kwamba kamba ya meli si kamba ya punda. Ningeweza kusema, "Nimeifungua pale juu, kaka, ni vibaya?" Angenipiga kofi la mgongoni na kuirudisha. Lakini nilikuwa nimelala usiku mmoja, Msengi. Usiku mmoja tu baada ya miezi minne. Nikasema, "Nimepewa stoo."

Akasema, "Una bahati na watu wa stoo." Akaenda zake.

Nililala pale usiku sita.

Siku ya saba, kama saa saba mchana, tukiwa upande wa Ukerewe, ziwa lilibadilika. Wewe hujaliona ziwa likikasirika, na watu wa bara tunadhani ziwa ni bwawa kubwa. Meli ilianza kulala upande huu na kuamka na kulala upande ule. Mimi nilikuwa chini kwenye tanuri. Nikasikia kishindo juu, kisha sauti ya mtu, kisha watu wanakimbia. Nilipopanda ngazi, ukuta wa pamba ulikuwa umeteleza wote upande mmoja, na Shila alikuwa kati ya robota na chuma. Alikuwa amekwenda kukaza kamba.

Kamba ile ya pili ilikuwa imelegea kwa sababu kazi yake ilikuwa haijafika. Ndivyo inavyofungwa. Mzigo ukihama kidogo ndiyo inashika, ikilowa maji ndiyo inakaza. Haya niliambiwa baadaye na mzee mmoja wa sitahani, kwa upole, kama mtu anayemfundisha mgeni.

Tulimtoa. Tukamlaza juu ya turubai, mguu umefungwa na shati la mtu. Mimi niliondoka, nikaenda kwenye uchochoro, nikakifungua kitanda changu mbio mbio, nikaisukumiza kamba chini ya magunia katika chumba cha chini. Nikarudi nimeshika koleo ili nionekane nimetoka kazini. Nahodha alikuwa ameinama juu ya Shila, mnyapara anatafsiri.

"Nani alifunga mzigo huu?"

"Mimi, bwana."

"Kwa kamba ngapi?"

"Mbili."

"Ninaona moja."

Shila akageuza shingo. Akatazama upande wa uchochoro, pale nguzo mbili zilipokuwa tupu. Nilikuwa nimesimama kama hatua nne kutoka kichwani pake. Alitazama kwa muda, halafu akafumba macho, akasema, "Basi labda nilifunga moja."

Mwanza walimkata mguu chini ya goti. Kazi akafukuzwa, kwa uzembe. Nilikwenda hospitali kumwona na nimejiandaa kusema, nimepanga maneno njia nzima. Akanitangulia, "Mkumbo, nimepata faida, jozi moja ya viatu sasa itanitosha miaka miwili." Nikacheka. Akacheka. Muda ukaisha, nikaondoka na maneno yangu.

Hayo yote yangeweza kuwa ya kijana mwoga, na mtu angenisamehe. Lakini liko moja ambalo hata mama yako sijamwambia, na sasa anasimama mlangoni anasikia, basi na asikie. Sikuitupa ile kamba. Usiku wa pili baada ya kumshusha Shila niliitoa chini ya magunia, nikaifunga tena pale pale. Nikalala. Na nililala vizuri. Nilidhani usingizi utanikataa, haukunikataa. Nimelalia kamba ile miaka miwili, mpaka nilipoacha meli nikarudi kumwoa mama yako. Wenzangu walikuwa wananionea wivu.

Kwa hiyo ukiniuliza raha ya melini, ipo, na mwili utaitaka kwa nguvu ambayo huijui bado. Itafute. Sitaki ukae macho miezi minne kwa ajili ya kosa langu. Lakini unapokuta kitu hakina kazi, kitu kimelegea tu, muulize mtu aliyekiweka. Muulize hata kama unajua kwamba akijibu utakikosa. Mimi nililipwa usingizi wa miaka miwili, na tangu hapo, katika kitanda hiki cha nyumbani, sijui kama nimelala usiku mmoja mpaka asubuhi. Ulikuwa ukiamka utotoni ukanikuta nimekaa nje, nikakuambia naangalia ng'ombe.

Shila hakurudi Ulemo. Alisema hawezi kulima kwa mguu mmoja na kutazamwa. Alikaa Mwanza, akashona viatu, mpaka baada ya uhuru akapata ulinzi wa lango la bandari, ndiyo maana anajuana na watu wa meli na ndiyo maana wewe umepata nafasi. Barua zake zinakuja mara mbili, tatu kwa mwaka. Kila moja inamalizia, "Msalimie msuka kitanda." Miaka yote nimejiuliza kama anatania au anajua.

Ninachokuomba ni hiki. Utakula kwake, utamwita baba mkubwa. Siku moja atakusimulia alivyokatika mguu na atasema alifunga kamba moja. Usiseme kitu. Nyamaza, kunywa chai yako. Si kwamba nataka liendelee kufichwa. Tukishamaliza mavuno nitakuja mwenyewe Mwanza na kibuyu cha asali, nikae mbele yake, niseme kwa mdomo wangu. Alivyojibu mara hii, kwamba uje na kitanda kipo, bila swali hata moja, nimeona bado ana moyo na mimi. Niachie hilo, nilifanye mimi.

Nasimama kidogo, ng'ombe wanakwenda kunywa.

*

Kaka Msengi, hapa ni mimi Eliwaza. Baba amekwenda kisimani na ng'ombe. Nina muda mfupi, nisamehe mwandiko.

Unajua mimi si msemaji. Shuleni nikiitwa kusimama mbele nasahau Kiswahili na Kiingereza vyote viwili. Tulipewa insha ya Kiingereza kuhusu safari ya meli, nikaandika kurasa tatu na sijawahi kuona hata mtumbwi, mwalimu akasema nina kipaji. Kuandika ninaweza. Kusema ndiko kunanishinda, ndiyo maana nakuambia hapa.

Habari ya kamba mimi naijua tangu zamani. Mimi ndiye mwandishi wa barua za baba kwa Mzee Shila. Kila barua, tukifika mwisho, baba anasema, "Andika kwamba ile kamba niliichukua mimi." Naandika. Anakaa kidogo, anasema, "Futa. Andika kwamba sote wazima." Nafuta, naandika kwamba sote wazima. Tangu darasa la tano nafuta.

Barua ya kukuombea kazi ilikuwa hivyo hivyo. Alisema yote, zaidi ya siku zote, mpaka habari ya kuilalia miaka miwili. Kisha akasema futa. Karatasi ilikuwa ya mwisho. Lakini sitakudanganya kwamba ni kwa ajili ya karatasi. Nilimjibu, "Ndiyo, baba," nikamsomea nikiruka pale, nikaikunja kama ilivyo, nikampa kondakta wa basi.

Kwa hiyo Mzee Shila anajua.

Na jibu lake lilipokuja mimi ndiye niliyemsomea baba. Nilimsomea hivi: "Kijana aje, nafasi ipo na kitanda kipo." Baba akafurahi, ulimwona, aliimba akikamua. Barua yenyewe yote inasema hivi, nainakili neno kwa neno:

"Mkumbo, habari ya kamba nimeisoma. Kijana aje, nafasi ipo na kitanda kipo. Yeye hana alilonikosea. Lakini wewe Mkumbo usije, wala usiniandikie mpaka nitakapokuandikia mimi."

Wiki tatu mama anachagua asali nzuri. Wiki tatu nakula nao chungu kimoja. Nilidhani nikimwambia mtu ukweli wa baba nitakuwa nimefanya jambo jema, halafu nikaenda nikafanya lile lile alilofanya yeye. Nilitaka tulale vizuri nyumba nzima.

Kila barua baba hunitaka nimsomee kabla ya kufunga. Leo nitamsomea yote, na hapa sitaruka. Anakuja, nasikia kengele za ng'ombe.

*

Mwanangu, ni mimi baba yako tena.

Amenisomea. Alipofika kwenye maneno yake mwenyewe alisoma chini chini, ikabidi nimwambie asome tena. Sikumpiga, wala sikumkemea. Mama yako alikuwa anataka kusema, nikamwomba anyamaze.

Nimemwambia alete barua ya Shila yenyewe. Darasa letu la watu wazima limenifikisha kwenye kusoma jina langu tu na majina ya siku. Nikapitisha kidole. Nikaliona, Mkumbo, mwanzo kabisa. Nikaendelea na kidole, nikaliona mara ya pili, karibu na mwisho. Eliwaza siku ile alinisomea na hakulitaja hata mara moja. Nililiona tangu siku ile, Msengi. Nililiona mara mbili, na sikumuuliza.

Basi yale niliyokuomba pale juu sina haja nayo tena, na nimemwambia asiyafute. Hutakuwa na la kumficha Shila. Utafika mlangoni kwake na yeye anajua, na wewe unajua, na kila mmoja anajua kwamba mwenzake anajua. Hivyo ndivyo nilivyokuandalia pa kulala. Nilitaka iwe vingine.

Mwamkie. Mwambie wewe ni mtoto wa nani, ingawa anajua. Usiniombee msamaha. Usimwambie nimezeeka, wala kwamba nalia, wala kwamba silali. Asiponitaja, usinitaje. Siku moja anaweza kukupandishia sauti kwa jambo dogo, chumvi au mlango, zaidi ya kosa lako. Kaa. Usijibu na usiondoke. Hasira hiyo ni yangu, imechelewa njiani.

Mimi sitakuja. Amesema nisije. Ni jambo la kwanza aliloniomba tangu tufahamiane, na nitalifanya.

Eliwaza ananyoosha kalamu upande wangu. Anasema barua zote ameniandikia jina yeye, hii niandike mwenyewe. Wewe unaingia getini, nakuona kutoka hapa, umebeba kuku wa wajomba. Naandika polepole.

MKUMBO